Redio ya rehani

Ndugu msikilizaji, majuma mawili yaliyopita nilikuwa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kwa shughuli ya ukoo ambayo haina haja ya kuelezwa hapa. Shughuli ilimalizika mapema kuliko nilivyotazamia, nami nikawa na nusu siku isiyo na kazi. Nikatembea polepole kuelekea Somanda, upande wa sokoni, kutazama maduka na kuwasikiliza watu. Huko nikasimama mbele ya kibanda kilichojaa vyombo vya muziki vilivyokwisha kutumika: amplifaya, spika za kila ukubwa, redio kaseti zisizo na mifuniko, deki, miksa, maikrofoni, na zile honi zinazofungwa juu ya misikiti na makanisa. Fundi alikuwa ameinama akichomelea waya kwa risasi. Juu ya kichwa chake kipande cha kadibodi kiliwaonya wateja kwamba chombo kisichochukuliwa kwa miezi 3 kitauzwa ili kufidia gharama.

Maneno yale yalinigusa pabaya. Nyumbani kwetu, mwaka 1984, redio ya baba iliuzwa kwa kanuni ya namna hiyo hiyo, na hadi siku ile niliposimama Somanda nilikuwa sijamsamehe mtu aliyeiuza.

Baba alikuwa mkulima wa pamba katika kijiji kisicho mbali na Bariadi. Redio hiyo, National ya bendi tatu, aliinunua mwaka 1971 katika duka la mjini baada ya kulipwa pamba yake. Ilikuwa na mfuko wa ngozi wenye matundu na mkanda wa kuning'inizia begani. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka miwili, kwa hiyo siku ilipoingia nyumbani siikumbuki, lakini mama aliisimulia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuapa nilikuwapo. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, ile iliyowakusanya watu wazima karibu milioni 2 nchi nzima wasikilize redio katika vikundi na kujifunza kuchimba vyoo na kuchemsha maji, kikundi cha kitongoji chetu kilikaa chini ya mti wa kwetu, redio ya baba ikiwa imewekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, redio ile haikuwa ya baba peke yake.

Januari 1984 nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Nilitakiwa kuwa na godoro, sanduku, shuka, viatu na nauli. Januari kwa mkulima wa pamba ni mwezi mbaya kuliko yote. Mbegu ziko ardhini, ghala limebaki michembe na mtama kidogo, na fedha ya msimu uliopita ilikwisha zamani. Baba akaichukua redio, akapanda baiskeli, akaenda nayo mjini kwa dalali mmoja aliyekuwa akinunua na kuuza redio zilizotumika, akaiweka rehani. Makubaliano yalikuwa kwamba ataikomboa ifikapo mwisho wa Agosti, pamba ikiwa imekwisha kupimwa na kulipwa. Nikaenda shule.

Pamba ilipimwa, lakini malipo yalichelewa. Baba alipata fedha yake Novemba. Alikwenda mjini siku hiyo hiyo, fedha akiwa ameifunga katika leso, akakuta redio imeuzwa. Hakugombana na mtu. Alirudi nyumbani, akakaa, na mama anasema jioni ile watu wawili watatu walikuja kusikiliza taarifa ya habari kama walivyozoea, wakaambiwa redio ni mbovu.

Nimekuwa nikiitaja habari hii kwa miaka mingi kama mfano wa jinsi dalali anavyoishi kwa jasho la mkulima. Leo nataka kuitazama upya, na ili niitazame vizuri sina budi kurudi nyuma kidogo.

Zamani Bariadi, nchi ya Ntuzu, ilikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa katika Jimbo la Ziwa. Huko kila kitu kilichotoka dukani kilinunuliwa kwa pamba. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, bei za mali ghafi zilipanda duniani, pamba ikiwamo, na Wasukuma wakapanua mashamba. Baadaye wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, walianzisha vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho lililojulikana kama Victoria Federation, ambalo lilifika mahali pa kuwa na vinu vyake lenyewe vya kuchambulia pamba. Fedha ilipoingia vijijini ilikuwa na njia zake zinazojulikana: kwanza ng'ombe, kisha bati, kisha baiskeli, na baada ya baiskeli ndipo mtu alipofikiria kitu chenye sauti.

Kitu hicho mwanzoni kilikuwa santuri ya kuzungusha kwa mkono. Sahani za Kiswahili zilikuwapo tangu Siti binti Saad na wenzake waliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Redio ilichelewa. Kituo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1951, kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Lakini kituo bila chombo cha kukipokea ni kama kisima bila kamba, na kamba yenyewe ililetwa na transista. Redio za kwanza za transista ziliuzwa Marekani mwaka 1954, na katika miaka michache zikawa ndogo, nafuu, na zinatumia betri kavu, jambo ambalo kwa kijiji kisicho na umeme ndilo lililokuwa muhimu kuliko mengine yote. Katika miaka ya 1960 Wajapani wa Matsushita walijenga kiwanda Dar es Salaam cha kutengeneza betri na redio za National, na Arusha nako redio za Philips zikawa zinaunganishwa. Redio ya baba ilikuwa ya kizazi hicho.

Basi msimu mzuri ulipeleka redio vijijini, na msimu mbaya ukazirudisha mjini. Mkulima hakuwa na akaunti benki. Alikuwa na ng'ombe, lakini ng'ombe humuuzi kwa sababu ya godoro la mtoto. Ng'ombe ni mahari na mvua isiponyesha ndiye tumaini la mwisho. Redio ilikuwa katikati. Ilikuwa na thamani, ilibebeka kwenye baiskeli, na mjini alikuwapo mtu aliyeijua bei yake. Mtu huyo tuliyekuwa tukimwita dalali kwa dharau alikuwa benki ya watu ambao benki haikuwajua.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 biashara yake ilinoga, na sababu zilikuwa mbaya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Mwaka 1978 Idi Amin akaivamia Kagera, tukaingia vitani. Mafuta yakapanda bei duniani mwaka 1979. Fedha za kigeni zikakauka, na katika maduka ya RTC ukakuta rafu zimepangwa vizuri bila kitu juu yake. Wenye umri wangu mnakumbuka betri zikianikwa juani kama dagaa ili zipate nguvu ya jioni moja. Redio mpya ilipokosekana, redio kuukuu ikawa ghali kuliko bei ya mpya iliyoandikwa dukani, kwa maana ile ya dukani haikuwapo. Mafundi walichinja redio mbili ili ya tatu iseme.

Kisha ukaja mwaka 1983 na vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sina haja ya kuwasimulia wasikilizaji wangu wa mjini. Wengi wenu wazazi wenu walikesha wakifukia au kutupa vitu. Ninalotaka mlikumbuke ni swali moja la siku zile: risiti iko wapi? Mtu aliyekutwa na sabuni katoni mbili aliulizwa swali hilo, na aliyekutwa na redio kaseti aliulizwa vile vile. Usukumani swali hilo lilikuwa na mzizi mwingine pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walizuka Sungusungu, walinzi wa jadi waliosimama dhidi ya wezi wa ng'ombe, na hawakuishia kwenye ng'ombe. Mwanakijiji aliyekuwa hana redio jana, leo ikaonekana inaimba kwake, alipaswa kuwa na maelezo. Na Kanuni ya Adhabu yenyewe, katika vifungu vya 311 na 312, inamwadhibu anayepokea mali ya wizi akijua ni ya wizi, na hata anayekutwa na mali inayoshukiwa kuwa ya wizi akashindwa kueleza ameipataje. Kwa hiyo karatasi moja iliyochakaa ilikuwa sehemu ya redio kama ulivyo mkonga wake. Redio yenye risiti ilikuwa na bei yake, na isiyo na risiti ilikuwa na bei nyingine.

Upepo uligeuka upesi baada ya hapo. Katika bajeti ya mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa sana walizitoa wapi, na Novemba 1985 akaingia Mzee Mwinyi, ambaye wananchi walimpa jina la Mzee Ruksa. Mitumba ikamwagika. Neno lenyewe, mtumba, lina asili ambayo Wasukuma wanapaswa kuijua: katika karne ya 19 mtumba ulikuwa furushi, mzigo wa nguo au bidhaa aliojitwika mpagazi wa msafara, na Wanyamwezi na Wasukuma ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa njia ya kati ya kwenda pwani. Robota za nguo kuukuu za Ulaya zilipofika, ambazo wengine waliziita kafa Ulaya, neno likapanda juu yake, na leo hata gari ni mtumba na amplifaya ni mtumba.

Pamba nayo ikafunguliwa. Kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kushindana na vyama vya ushirika, na mwaka 1995 bei ya dunia ilikuwa juu. Mnunuzi alikuja na fedha taslimu kwenye mizani. Ndiyo miaka ambayo redio kaseti kubwa za spika mbili ziliingia katika kila kijiji cha Bariadi, Maswa na Meatu, nyingi zikiwa zimetumika kwingine kabla, zimepitia Kariakoo au Mwanza.

Sasa turudi Somanda. Mwenye kibanda alitoka nyuma akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nikaitikia. Ni mtu wa rika langu. Akaniuliza natafuta nini, nikasema natazama tu, naye hakukasirika. Akaanza kunionyesha mali yake kama mtu anayeonyesha mifugo.

Nilijifunza kwake mambo ambayo mnunuzi wa mjini atanufaika nayo. Amplifaya, aliniambia, huipimi kwa namba zilizoandikwa usoni. Sabufa mpya ya bei rahisi itaandikwa wati elfu kadhaa, lakini ukiinyanyua ni nyepesi kama kuku, kwa sababu ndani hamna transfoma ya maana. Ya zamani ya Kijapani, Sansui, Pioneer au Technics, imeandikwa wati chache, ila ukiinua mgongo unajua. Halafu tazama skrubu: kama vichwa vyake vimekwaruzika, imekwisha kufunguliwa, na swali linakuwa imefunguliwa na nani. Inusie kwenye matundu ya juu, maana transfoma iliyoungua hainyamazi puani. Zungusha kitufe cha sauti polepole usikie kama kinakwaruza. Spika ibonyeze katikati kwa vidole vyote kwa usawa. Ikirudi kimya ni nzima, ikisugua ndani koili imepinda.

Na kuna mitego inayotoka mbali. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kinataka volti 100, cha Marekani volti 120, na umeme wetu ni volti 230. Mtu hufika nacho nyumbani, akakichomeka ukutani, kikalia mara moja na kufa. Anayejua hununua transfoma ya kupunguza umeme, na mwuzaji mwaminifu humwambia mapema. Redio nyingi za Kijapani za zamani zina mtego wa pili: bendi yao ya FM inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, ilhali vituo vyetu vinakwenda hadi 108. Wenye magari kutoka Japani wanalijua vizuri jambo hili. Redio ni nzima, umeme unaingia, taa zinawaka, lakini kituo ukipendacho hakimo, na mwenye duka alikuonyesha kwa kaseti tu.

Nilimwuliza wateja wake ni akina nani. Makanisa, akasema, na wenye kumbi, na vijana wa kukodisha muziki kwenye harusi, lakini kuliko wote ni wale wa ngoma. Hapa ndugu msikilizaji nitakawia kidogo. Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma vinavyoshindana tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, na mashindano yao hufanyika baada ya mavuno, takriban Juni hadi Agosti. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na kwa desturi mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Ndiyo maana mbinu zilikuwa nyingi: nyoka, fisi, vinyago, dawa za mvuto, na zaidi ya yote sauti ya manju. Manju wa zamani alishinda kwa koo lake. Tangu spika zilipoingia, anayesikika mbali zaidi ndiye anayeanza na watu. Mwenye kibanda aliniambia kwamba wapo viongozi wa ngoma wanaokuja Mei kuulizia amplifaya kabla hawajaulizia kitu kingine chochote. Sijui kama ni maendeleo. Binafsi nilihuzunika kidogo, lakini babu zetu waliofuga chatu ili wavute watu wasingesita kununua spika.

Msimu wa ngoma na msimu wa fedha ya pamba ni msimu mmoja, na hivyo pia msimu wa biashara yake. Mwaka 2011, bei ya dunia ilipokuwa imepanda kuliko ilivyowahi, kilo ya pamba ilivuka shilingi 1,000, naye anasema hakupata hata nafasi ya kula mchana. Mwaka 2012, mwaka ule ule Simiyu ilipotangazwa kuwa mkoa, bei ilifunguliwa kwa shilingi 660, na vyombo vikaanza kurudi. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa nzuri, shilingi 1,200, lakini soko la dunia lilianguka, na wakulima wengi walikaa miezi wakidai. Mwaka huo, anasema, kibanda kilijaa hadi spika zikalala nje chini ya turubai.

Nikamwuliza kama bado anapokea rehani. Akacheka. Akasema baba yake alipokea, yeye ameacha. Sabufa mpya ya leo, ukiipokea Januari, Agosti haina mnunuzi. Imeshuka thamani au imekufa. Isitoshe, kijana mwenye shida ya haraka siku hizi anakopa kwa simu. Mikopo hiyo ilianza kuenea nchini tangu mwaka 2014, na haihitaji baiskeli wala mashahidi. Nikasema ni nafuu kwa mkulima. Akasema huenda, ila simu inadai baada ya siku 30, na pamba haijawahi kuvunwa kwa siku 30.

Hapo ndipo alipotaja baba yake kwa mara ya pili, nami nikauliza alikuwa na duka upande gani wa mji. Alipojibu nikanyamaza. Ndugu msikilizaji, mmekwisha kubashiri. Alikuwa mtoto wa dalali wetu.

Nilimweleza mimi ni nani na redio ilikuwa ipi. Hakuonyesha kustuka. Alisema marehemu baba yake aliacha madaftari, kaunta buku za jalada gumu, na kwamba wapo watu wawili watatu waliokwisha kuja kuuliza habari za vitu vya wazee wao. Akamtuma binti yake nyumbani kwa pikipiki. Tulikunywa chai tukisubiri.

Daftari lililoletwa lilianzia 1981. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyesoma kidogo lakini mwangalifu: tarehe, chombo, jina, kijiji, fedha iliyotolewa, siku ya kukomboa, siku iliyokombolewa. Unaona Januari na Februari mistari imesongamana, kisha Julai na Agosti zimewekwa alama moja baada ya nyingine. Halafu unafika 1983, na karatasi hazipo. Zimechanwa kwa rula, vizuri, tangu Machi hadi mwisho wa mwaka. Mtoto wake alisema wakati ule mama yake alizitumia kuwashia moto, kwa amri ya mzee, kwa sababu orodha ya redio 20 katika nyumba ya mtu mmoja ilikuwa hatari kuliko redio zenyewe.

Baba yangu yuko kwenye ukurasa wa kwanza baada ya uchanaji huo. National bendi tatu, mfuko wa ngozi, siku ya kukomboa 31 Agosti 1984. Iliuzwa katika juma la tatu la Oktoba, kwa mtu wa Nkololo ambaye jina lake sitalitaja. Kwa hiyo alisubiri. Miaka yote nilikuwa nikisema aliiuza siku ya pili yake, na wala sikumbuki nani aliniambia hivyo. Alisubiri majuma saba zaidi ya makubaliano, naye mwaka ule alikuwa na wadaiwa wengine wote ambao malipo ya pamba yao yalichelewa vile vile.

Lakini kilichonifanya niache kunywa chai ni maneno mawili yaliyoandikwa pembeni kwa wino mwingine: "risiti bado." Nikatazama mistari ya jirani. Redio za aina ile ile, za mwaka ule ule, ziliuzwa kwa bei kubwa zaidi. Yetu iliuzwa chini ya zote.

Risiti ya redio ile ninayo mimi. Niliikuta mwaka 2009 ndani ya sanduku la bati la mama alipofariki, imekunjwa ndani ya cheti changu cha ubatizo. Imeandikwa kwa mkono, ina stempu ya duka na tarehe ya Agosti 1971, na bei ambayo leo haitoshi kununua soda. Nilikuwa nikiiweka kama ushahidi kwamba tulidhulumiwa. Sasa naiona kwa namna nyingine. Baba alikwenda mjini na redio, mama akabaki na karatasi. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Nadhani alitaka redio irudi, na aliamini kwamba ikikosa karatasi haitauzika. Iliuzika, ila kwa hasara ya dalali, na mtu wa Nkololo akaenda nayo kijijini kwake mwishoni mwa 1984, siku za Sungusungu, akiwa hana cha kuonyesha endapo angeulizwa ameipata wapi. Kama aliulizwa, na kama aliulizwa alijibu nini, daftari halisemi.

Nilitaka kulinunua daftari lile. Mwenye kibanda anauza kila kitu kilichomo mle ndani, hata bango la kadibodi nadhani ungempa bei angeshusha, lakini hilo alikataa. Akasema kama risiti bado ipo niipeleke, ataibandika mahali pake. Nilirudi Dar es Salaam nikaitoa katika kabati, nikakaa nayo siku tatu mezani. Alhamisi iliyopita niliitia kwenye bahasha, nikaipeleka kituo cha mabasi, nikaikabidhi kwa kondakta wa basi la Bariadi. Aliniuliza ndani mna nini, nikasema karatasi za redio. Akaandika hivyo hivyo kwenye hati ya mzigo: karatasi za redio, bahasha moja.